Nilivunja Kazi Yake Siku Aliyomzika Babake

Admin, lifiche jina langu vizuri, maana humu ndani wapo watu wa chuoni kwetu. Na ninyi wasomaji, najua mtanitukana. Tukaneni, lakini mkimaliza mnijibu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, naishi Chaani na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kuvunja. Nina diploma, na kwa miaka kumi na sita nimekuwa fundi wa maabara ya chuo kimoja huku bara ya Mombasa. Watafiti wanaleta vipande vya zege vya mraba, mimi naviweka kwenye mashine, inavibana mpaka vipasuke, naandika vilihimili uzito gani. Maprofesa wamepanda vyeo kwa namba ninazoandika mimi. Nimeomba nafasi ya kusoma shahada mara mbili, na mara zote profesa ananicheka: "Fundi, wewe ukienda, mashine atabaki nayo nani?"

Kisha akaja Zuhura. Si jina lake. Binti wa Bofu, miaka ishirini na sita, anasomea shahada ya pili. Alikuwa anachanganya nyuzi za makumbi ya nazi kwenye zege ili nyumba za wanyonge zisipasuke ovyo. Nyuzi zikawa zinaoza. Mimi ndiye niliyemwambia azichemshe kwanza kwenye maji ya chokaa, zikaacha kuoza. Siku ya kuwasilisha kazi yake profesa alimsifu nusu saa nzima, naye anatabasamu tu. Mimi nilishukuriwa mstari mmoja, pamoja na mlinzi wa geti. Jambo hilo lilinikaa kooni. Ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo ukawa wake, yakabaki matokeo ya mwisho tu.

Vipande vyake sita vilitakiwa kuvunjwa siku ya ishirini na nane tangu kumiminwa, si kabla wala baada. Asubuhi ya siku hiyo babake akafariki, na mazishi yakawa alasiri ile ile. Akanipigia simu analia. "Kaka, wallahi sina mwengine wa kumwambia. Nivunjie wewe. Nakuamini kuliko nafsi yangu." Nikamwambia pole, nenda kazike, hiyo kazi niachie mimi.

Sasa sikilizeni, maana wengi hamlijui hili. Kipande cha zege kina pande tano laini, zile zilizogusa chuma cha kalibu lililomiminiwa zege, na upande mmoja wa juu uliosawazishwa kwa mwiko, wenye vidundu. Kanuni ni kukilaza ubavu, mashine ibane pande laini. Ukiuweka upande wa mwiko juu, mashine inabana vidundu tu, na kipande kinapasuka kabla ya wakati wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nilivivunja vyote sita upande wa mwiko ukiwa juu, kimoja baada ya kingine. Sitawadanganya kwamba nilisita. Nilikuwa napiga mluzi.

Siku ya tatu nikaenda matangani Bofu, karatasi ya matokeo imo mfukoni. Ningeweza kungoja wiki. Nilimpa pale pale, kati ya wafiwa. Akaisoma, akaikunja, kisha akasema, "Nisamehe, kaka, nimekupotezea wakati wako." Mamake akaniletea sahani ya pilau. Nikala, nikaongezwa.

Ufadhili ukapotea. Zuhura sasa anauza misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mtopanga. Mimi nikaurudia mchanganyiko wake, nikavilaza vipande ubavu, vikahimili ajabu. Profesa akauliza nimebadilisha nini. Nikamwambia nimezidisha muda wa kuchemsha nyuzi. Uongo mtupu. Kwa matokeo hayo, miezi mitatu ijayo mimi ndiye ninayekwenda kusoma, na wanangu wameshatangaza mtaa mzima.

Mwezi uliopita Zuhura alikuja kunipongeza, na halua mkononi. "Shikamoo, kaka. Hongera, Mungu hamtupi mja wake." Kisha akainamisha kichwa. "Miaka miwili hii najiuliza, n'likosea wapi?" Kumbe amemimina vipande vingine sita kwa mshahara wake, mchanganyiko ule ule wa zamani, bila kubadilisha chochote. Profesa ameruhusu viloweshwe kwenye tangi letu la maji, na amesema atayatazama matokeo. Siku ya kuvunja ni Alhamisi, na dukani hawampi ruhusa. "Univunjie tena, kaka. Vikikataa, basi n'taolewa, niyasahau haya mambo ya kusoma."

Nikivilaza sawa, profesa ataona kwamba tangu mwanzo hapakuwa na kosa, ataniuliza yale matokeo ya kwanza yalitoka wapi, na safari yangu itaishia hapo. Pengine na kazi pia. Nikivilaza vibaya, hakuna atakayejua mpaka naingia kaburini, na Zuhura ataniletea kadi ya harusi kwa mikono yake miwili.

Msiniambie nitubu, kutubu nakujua. Nishaurini, Alhamisi nifanye nini? Na jibuni upesi. Leo asubuhi nilivitoa majini kuvitazama, nikajikuta nimeshavipanga mezani vyote sita, upande wa mwiko juu.