Msamaha Mbele ya Ng'ombe Wawili

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa nimefanya bidii ya miaka mingi kuisahau. Ilikuwa Ijumaa ya mvua, sisi wahadhiri tumejazana katika ukumbi wa chuo kimoja cha huku Meru, na mwenyekiti wa chama chetu ni mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, koti jipya na sauti ya mhubiri. Kijana akipewa kiti na kipaza sauti siku moja, omba Mungu asiwe mjinga kama nilivyokuwa.

Jambo lililotukusanya lilikuwa zito. Serikali ya nchi moja ya mbali ilikuwa ikiwatesa watu, ikibomoa nyumba zao na kuwafunga waliolalamika. Walimu wa vyuo kila mahali walikuwa wakibishana kama wavisusie vyuo vya nchi ile: wasiende huko, wasipeleke wanafunzi, wasiandike katika majarida yao. Wengine walisema elimu haina kosa. Wengine walisema vyuo vile vinakula sahani moja na serikali. Mimi nilikuwa upande wa kususia, na hata leo ukiniuliza nitakuambia tulikuwa na haki. Aibu yangu haiko hapo.

Kulikuwa na binti mmoja, Mukami, mtu wa Embu, aliyefundisha mambo ya udongo. Alikuwa mdogo wetu kazini, mpole, mtu wa kuja mkutanoni na kukaa nyuma. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uzamifu katika nchi ile ile, na azimio letu likipita angelazimika kuiacha. Basi akainua mkono.

"Mwenyekiti, naomba niseme kitu moja tu. Huyo profesa wangu..."

"Dada, keti," nikamkata. "Hapa tunaongea damu ya watu. Wewe unatetea digrii."

Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikakifurahia. Mukami akaketi, akaangalia mikono yake. Azimio likapita. Wiki iliyofuata akaandika barua ya kuikataa nafasi yake na kuniletea nakala, kama azimio lilivyotaka.

Sasa nikuambie lile ambalo wenzangu hawakulijua. Siku ile nilipokuwa nikipiga meza, makala yangu ilikuwa kwa jarida la nchi ile ile, ikingoja kuchapishwa. Barua ya mistari miwili ingetosha kuirudisha. Niliiandika kichwani mara nyingi, kwenye karatasi sikuiandika hata mara moja. Nilijiambia kwamba niliituma kabla ya azimio. Nilijiambia pia kwamba mapambano yanahitaji watu wenye vyeo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja, hasa akiwa amesoma. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Makala ikatoka, nami nikapandishwa cheo.

Asubuhi moja Mukami aliingia ofisini kwangu na jarida lile, limefunguliwa penye jina langu. Nilidhani atapiga kelele. Aliliweka mezani taratibu, akasema, "Hongera, Daktari," akatoka. Afadhali angenitukana, maana tusi ningelijibu. Mwisho wa muhula aliacha kazi, akarudi kwao Embu kufundisha shule ya sekondari.

Nilikwenda nyumbani Kangeta nikiwa na jambo hilo tumboni. Nilimkuta baba uani akifunga vitita vya miraa kwa nyuzi za mgomba, maana gari la sokoni lilikuwa njiani. Baba hakusoma hata darasa la nne. Nilimsimulia yote, nikitarajia aseme dunia ndivyo ilivyo. Mikono yake haikusimama.

"Kirimi," akasema, "hao watu mliowafungia mlango, mlitafuna nao miraa kwanza?"

Hapo nieleze kidogo. Kwetu Igembe, wazee wakiketi kumhukumu mtu, kitita huwekwa katikati, na mshtakiwa hutafuna pamoja na wanaomhukumu huku akijieleza mpaka amalize. Hata aliyeiba mbuzi hutafuna. Ndipo huhukumiwa.

"Wako mbali, baba," nikajibu.

"Na huyo binti alikuwa mbali?"

Akafunga kitita kingine, akaongeza kwamba mzee anayekula mbuzi wa faini gizani hana haki ya kumtoza mwingine faini mchana. Kisha akaniambia niondoke kwenye mwanga wake, namzuilia kazi.

Nikaenda Embu. Ilinichukua miaka miwili kufika, na safari yenyewe haifiki hata nusu siku. Nilimkuta Mukami nyuma ya nyumba akiwakatia ng'ombe majani. Nikasema yote niliyopaswa kusema, kichwa chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia yeye.

"Unajua nilitaka kusema nini siku hiyo?" akaniuliza. "Huyo profesa alikuwa anatetea hao watu mnalilia. Serikali yake ilikuwa imeshamtoa kazi ya ukuu wa idara juu ya hiyo maneno. Mimi sikuwa nakataa azimio. Nilitaka kuuliza, watu kama yeye tutawaweka wapi?"

Lilikuwa ndilo swali la maana kuliko yote, na hatukuliuliza.

"Nisamehe, Mukami."

"Mwalimu, ulinikalisha mbele ya ukumbi mzima. Sasa unaniomba msamaha mbele ya ng'ombe wawili." Akarudi kwa panga lake. "Chai utakunywa. Hiyo ingine, rudi pale uliiachia."

Nilikunywa chai ile. Nikaapa kuliungama kosa langu katika mkutano uliofuata. Mkutano ukafika, ajenda zilikuwa nyingi. Ukafika mwingine, nikawa na mafua. Hivyo hivyo mpaka nikastaafu, na kwenye sherehe ya kuniaga walinisifu kwa msimamo usioyumba. Nilipiga makofi pamoja nao, mwanangu. Hebu fikiria.

Sasa wewe na wenzako mmeniletea karatasi nyingine ya kususia vyuo, nchi ni nyingine, machozi ni yale yale, na mnataka mzee wa mapambano awahutubie Jumamosi. Nitakuja, na haya unayoyasoma ndiyo nitakayoyasoma katika ukumbi ule ule. Mukami nimempelekea habari. Hajanijibu kama atakuja. Kiti kimoja cha mbele kiachwe wazi.

Usiniogope kwa sababu ya haya, wala usiogope kusimama na wanaoonewa. Susia panapostahili kususiwa. Ila anza kuacha kile kitakachokuuma wewe kukiacha, ndipo umwombe mwenzako aache alicho nacho. Anayeinua mkono nyuma ya ukumbi mpe nafasi amalize, hata akikuharibia hotuba. Na kosa la hadharani usilipeleke kulifutia zizini. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea mpaka ameota ndevu.

Mungu akupe sauti, na kabla ya sauti akupe masikio. Siku utakapokosea mbele ya watu, maana utakosea, akupe miguu ya kurudi mbele ya watu hao hao wakati bado wapo wa kukusikia.