Ringi ya Candide

Candide hakuipenda mvua ile tangu siku ya kwanza. Si kwamba mvua ni kitu kigeni kwa mtu wa Burundi, la; ila hii ilinyesha usiku na mchana bila kuvuta pumzi, na ng'ombe wa ranchi, ambao hulala popote wanapojisikia, walikataa kulala. Walisimama wameupa mto mgongo, kimya. Mumewe Gratien, anayewachunga, aliwatazama akasema, "Hii si nzuri, Mama Ntwari." Asubuhi akawaswaga kwenda malisho ya juu, barabara ikakatika nyuma yake.

Candide akabaki peke yake na hofu yake. Hofu yenyewe ilikuwa ng'ambo ya korongo, ndani ya kijumba cha magurudumu kilichoegeshwa karibu na mto: mwanawe mkubwa, Ntwari, amelala na korona. Ilikuwa Machi 2022. Kijana aliupata ugonjwa kiwandani Seven Hills, na huko alikokuwa akiishi na wenzake hakukuwa na pa kujitenga. Akaja kujitenga ranchini, tena mbali na nyumba, asije akammaliza baba yake mwenye kifua kibovu. Kila mchana mama alivuka korongo, akaweka chakula kwenye uzio, akarudi uani na kugonga ringi mara moja. Ntwari akisikia, hutoka na sahani yake.

Ringi hiyo ni chuma cha gurudumu la lori kuukuu. Gratien aliitundika kwenye mti mwaka walipohama Fairfield kuja kufanya kazi hapa, pembezoni mwa Sydney. Kambini Kigoma, walikoishi kama wakimbizi, watu waliitwa kwa ringi kwa kila jambo, na ranchi ni kubwa. Watoto wao wawili walikuwa wakipotea humo kama sindano. Ikawekwa sheria. Pigo moja, chakula. Mapigo matatu, hatari: nyoka, moto wa nyika, fahali aliyevunja zizi. Acha ulichoshika, kimbilia nyumbani kilimani.

Miaka hiyo ilikuwa mitamu, asikudanganye mtu. Ntwari alipanda ndama na kuangushwa, akapanda tena. Dada yake Nella alimpa kila ndama jina, na lori la mnada likija alilia hadi akashindwa kula. Walikunywa maziwa yangali na joto la chuchu. Hata kanisani walinuka zizi, na Candide hakuona haya hata kidogo; kwake ule ndio ulikuwa utajiri.

Ila walipokua wakawa wazito kuja kwenye sala ya jioni. Candide akagundua dawa: mapigo matatu. Watoto walikuja mbio, wanahema, macho yamewatoka, wakamkuta mama ameshika Biblia. Alicheka mpaka akashika mbavu. Gratien alimwonya, naye akajibu kuwa kumwita mtoto kwa Mungu si uongo. Haya. Njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa na Biblia mkononi. Baada ya miezi michache watoto walikuja wakitembea, na mwisho hawakuja kabisa.

Sasa korongo lilikuwa limejaa. Maji ya kahawia yalipita yakibeba mapipa na lango la zizi la watu. Umeme ulikatika tangu jana, simu ya Ntwari ilikuwa imezimika, na yake Candide haikushika mtandao. Ng'ambo kule maji yalikwisha kufika kwenye magurudumu. Nyuma ya kijumba bado palikuwa na njia kavu ya kupandia kilima cha jirani, kama angetoka sasa hivi. Pazia lilikuwa limefungwa.

Alipiga kelele, mvua ikaimeza sauti. Akashika nyundo. Mapigo matatu. Matatu tena. Ringi ile husikika hadi barabara kuu, kwa hiyo kijana alisikia, hapana shaka. Mbona hatoki? Akagonga matatu mara nyingine, kwa nguvu zake zote, na mlango haukufunguka.

Ndipo alipoelewa. Akagonga mara moja tu, polepole, kama siku zote.

Mlango ukafunguka. Ntwari alitoka pekupeku, sahani mkononi, akatafuta uzio kwa macho. Uzio haukuwapo. Akatazama miguuni pake, kisha akamtazama mama yake ng'ambo. Candide alimwonyesha kilima kwa nyundo. Kijana alikimbia na sahani yake, na kabla hajafika juu kijumba kiling'oka kikaenda na mto.

Wiki iliyofuata, alipopona, walikaa barazani, na Candide akashindwa kujizuia.

"Yale matatu, uliyasikia?"

"Niliyasikia, Mum."

"Sasa mbona hukutoka, mwanangu?"

Ntwari alimtazama bila hasira yoyote.

"Sorry, Mum. Nilidhani ni sala."