Mhina wa Mama Kwenye Baridi ya Njombe

Kwetu Mbwera, kwenye delta ya mto, hina si ya maharusi peke yao. Wanawake wanaolima mpunga hushinda miguu imo kwenye maji na matope, vidole vikaliwa na nyayo zikapasuka, na dawa yake ni majani mabichi ya mhina, yanatwangwa na kupakwa mpaka yakauke. Mama alikuwa na kichaka chake nyuma ya nyumba, alichoachiwa na mama yake. Majirani walikuja kuomba majani, naye aliwapa huku akiwakumbusha mhina ule ni wa nani.

Nilipopangiwa kufundisha Njombe nilikata vijiti kadhaa nikavifunga kwenye kitambaa chenye maji. Mama alicheka.

"Mwanangu, mti huu mtoto wa jua. Huko unakwenda kuuzika."

Mimi nikiambiwa jambo haliwezekani napandwa na mori. Nikaondoka navyo.

Njombe wakati wa baridi unaamka asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe. Mtu wa delta anajua dawa moja tu ya mmea uliosinyaa, nayo ni maji, basi kila jani lilipodondoka mimi nilimwagilia. Jirani yangu, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi, alichungulia uani akaniuliza, "Mwalimu, huo mti unaupanda au unauogesha?" Nilinuna, lakini vijiti vilioza mizizi kimoja baada ya kingine.

Kilinusurika kimoja tu, nilichokipanda kwenye sufuria mbovu nikakiegesha nyuma ya ukuta wa jiko la kuni na kukisahau nilipokwenda likizo. Niliporudi, udongo ulikuwa mkavu kabisa na kijiti kimechipua! Kumbe kilichokuwa kikiniulia miti ni baridi na maji kwa pamoja. Nikakihamishia ardhini palepale ukutani, nikawa nakijengea kibanda cha nyasi kila baridi inapoanza, na maji nikayapunguza. Mhina ukakua mpaka ukanifika begani. Najisifu, ndiyo. Aliyewahi kuotesha mhina Njombe aje anikataze.

Kisha maji ya chumvi ya bahari yakapanda mpaka mashambani Mbwera. Mpunga uliungua, na mhina wa mama ukakauka hadi mizizi. Mama akahamia Kibiti kwa kaka yangu, akaendelea kulima mpunga bondeni. Miguu ilipopasuka alipaka hina ya unga ya dukani, akanilalamikia kwenye simu kwamba inanuka kama rangi ya viatu. Mti wake hakuutaja hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Uliobaki duniani ulikuwa huu wangu, na majani yake yalinitia aibu. Nilijipaka kiganjani yakaacha rangi ya chai ya maziwa. Kwa mama, hina isiyokolea ni majani ya kulisha mbuzi. Sikuchuma tena. Nilingoja miezi ya jua kali, nikaliacha liyachome vya kutosha, ndipo nikachuma mfuko mzima, nikachukua na mche mmoja niliouotesha kwa kijiti chake, nikapanda basi kwenda Kibiti.

Mama aliyanusa majani. Aliyatwanga mwenyewe, akapaka nyayo na katikati ya vidole, akakaa barazani kusubiri. Nami nikakaa kando yake, nikizitazama nyayo zile.

Alipoyabandua, nyayo zilikuwa zimeiva, nyekundu inayoelekea weusi. Aliziangalia, akaziangalia tena, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Halafu akaniambia nipande ule mche karibu na mlango, na nisiumwagilie sana kwa kiherehere changu.

Mimi nikichimba, yeye alinyoosha miguu yake kuelekea njiani na kumwita kila aliyepita.

"Njoo uone! Mhina wa marehemu mama yangu huu. Mwanangu kautunza kwenye baridi."