Juu ya Paa la Tembe Kuukuu la Mpwapwa

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimebeba pembe za ndovu toka Tabora hadi Pwani nikiwa sina hata ndevu, nimeona bahari, nimeona Mdachi akilizwa na jino. Kusoma nilijifunza ukubwani, herufi moja moja, kwa karani niliyemlipa maziwa.

Kwa hiyo nilipowapeleka wanangu Mpwapwa, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, sikwenda kushangaa. Kuna tembe kubwa pale, la Mwarabu wa zamani za misafara, mlango wa nakshi, na bustani ya mikomamanga na mitende. Mwarabu alikwisha kufa, Wadachi wakalichukua, wakamweka akida wa Pwani alitunze. Zamani, mimi mpagazi, nililala nje ya ukuta wake. Safari hii nilivaa koti nikabisha mlango wa mbele.

Akida alitufungulia kwa sababu ya koti. "Tazameni, msiguse," akasema. Wanangu wakatazama komamanga kidogo tu. Nilipogeuka, walikuwa juu ya paa.

Asiyejua kwetu na aelewe: tembe la Wagogo lina paa bapa la miti na udongo. Juu yake tunaanika mtama, na watoto wanacheza huko tangu wajue kutembea. Wanangu waliona ngazi imeegemezwa ukutani, wakafanya kama nyumbani.

"Shukeni, washenzi!" akida akafoka. "Nyumba ya Serikali hii! Huyo msichana atakula viboko vitano."

"Atachapwa na nani?"

"Na mimi."

"Bwana akida, kwenu mnaezeka makuti, mtu akipanda anatumbukia. Kwetu paa ni ua."

"We Mgogo, koti limekupanda kichwani. Mteremshe!"

"Panda umfuate."

Hakupanda, alikuwa na kanzu nyeupe na kitambi. Binti yangu kule juu alimshika mdogo wake mkono, hacheki tena, ananitazama mimi. Ningemteremsha, angechapwa mbele yangu. Nikavua viatu, nikapanda, nikakaa katikati yao.

"Baba, tutashuka lini?"

"Huyu bwana akiitupa chini fimbo yake."

Akida akatutisha kwa boma, akatutisha kwa mnyororo. Nikamjibu kwamba bwana mkubwa wa boma hununua ng'ombe kwangu, twende basi tukamwamshe usingizi wake wa mchana. Nikasimama ili anione vizuri. Boriti ikalia, mguu wangu wa kulia ukazama mpaka pajani.

Mchwa. Si uzito wangu, ni mchwa! Boriti ile mimi ningeibadilisha miaka mitatu nyuma, na nilimwambia hivyo hivyo, mguu ukining'inia sebuleni kwake. Akida alicheka mpaka akakaa chini. Mkewe naye akatoka ndani kuuliza mguu huo ni wa nani.

"Chekeni," nikasema. "Lakini toa neno mbele ya mkeo: mtoto haguswi, paa nalipa mimi."

Akatoa neno, machozi ya kicheko yakimtoka. Wanangu wakashuka, wakapita mbele yake, niliwakataza kukimbia. Binti akamwamkia, "Shikamoo," naye ikambidi aitikie. Nami nikamwita fundi wa Kibakwe: boriti mbili, fito, udongo, na pombe ya vibarua. Rupia sita na hela arobaini.