Kucha Zangu Siku ya Wakwe

Siku ya kwanza kule Kitale, daktari wa ngozi aliniambia huu ugonjwa wa kucha, soriasisi, hauambukizi hata tukishikana mikono mpaka Krismasi. Kisha akaniambia kama nataka kutibiwa kwa mwanga, nikome kupaka rangi. Mwanga haupiti kwenye rangi. "Na zile kucha za kubandika, sahau."

Nilikasirika, wee! Rangi nyekundu ndiyo iliyokuwa imenisitiri miaka yote. Chini yake kucha zilikuwa manjano, zimejaa vishimo, nyingine zimeinuka kama bati lililong'oka misumari. Lakini kujificha nako kulikuwa kumenichosha. Kila wiki nikawa natoka Bungoma, navaa miwani myeusi, naingiza vidole kwenye kisanduku cha mwanga wa zambarau, halafu narudi nyumbani nikiwa vilevile. Kucha hukua kwa maringo.

Matibabu yakiwa katikati, wazazi wa mchumba wangu wakatuma habari kwamba wanakuja kutoka Sirisia kuzungumza mahari. Kwetu nyumbani, binti anayeposwa ndiye huwanawisha wageni. Shangazi yangu akaniletea kucha za kubandika na gundi yake.

"Siku moja tu, mama. Wakiona hizo zako, si hao ng'ombe watabaki Sirisia?"

"Wabaki."

"Ati nini?"

"Mwanaume ananijua na kucha zangu, shangazi. Sibandiki kitu."

Akaniita kichwa ngumu. Sikubisha.

Lakini nilipopiga magoti mbele ya babake mchumba wangu na birika na karai, niliogopa. Nilimpenda mwanawe, na hapo ningeweza kumkosa. Mzee akaangalia vidole vyangu, akarudisha mikono yake kifuani.

"Hiyo ni nini? Hakuna mwingine wa kuninawisha?"

Mchumba wangu akafungua mdomo, nikamtangulia.

"Ni ugonjwa wa kucha, baba, na hauambukizi. Natibiwa. Mwingine yuko. Lakini huyo kuku unayesikia harufu yake nimemchinja mimi, nikamnyonyoa mimi, nikampika mimi, na vidole hivi hivi. Maji yangu yakikataliwa, naondoka na kuku wangu."

Shangazi akashika kichwa. Mkewe mzee akaangua kicheko.

"Nawa bana, baba watoto. Sisi tuna njaa."

Mzee akanyoosha mikono. Nilimmwagia maji polepole sana, azione kucha zote vizuri.