Spika ya Upande wa Bwana Mkubwa

Redio ya gari la ofisi ilikuwa na spika moja, nayo ilikuwa mlangoni kwangu, kulia. Sikuiweka mimi hapo, niliikuta. Lakini kosa la ofisini huwa linamtafuta mtu ambaye hakusoma, na mimi shule niliishia darasa la pili.

Afisa niliyemwendesha pale Singida tulimwita Bwana Mkubwa akiwa hayupo. Akiwepo tulimwita Ndugu, kwa maana ilikuwa miaka ya Ujamaa na mabwana walikuwa wameisha. Siku moja tulikwenda Misigiri mkutanoni, redio ikasoma habari njiani. Mimi nilisikia kila neno. Yeye alisikia injini. Tulipofika, mzee mmoja akasimama.

"Ndugu, hilo agizo la mbegu tulilosikia redioni mchana huu, ofisi inasemaje?"

"Redioni?" Bwana Mkubwa akauliza. Mkutano mzima ukacheka.

Tukiwa tunarudi, akanigeukia. "Wewe uliisikia hiyo habari?"

"Niliisikia, Ndugu. Nilidhani tunasikia wote."

"Wewe mnyonyaji! Nchi hii ni ya usawa, halafu unakula sauti peke yako kama kabaila. Jumamosi tunakwenda Ikungi. Nisiposikia habari ya saa saba, Jumatatu gari ataliendesha yule dereva mpya mwenye cheti, wewe urudi kwenu ukalime mtama."

Kwetu mtama ulikuwa na ndugu zangu sita tayari. Hawakuwa na haja ya wa saba, na mimi sikuwa na haja ya jembe. Nilikuwa nimeliacha kwa jasho langu mwenyewe.

Mhindi mmoja mwenye duka mjini alikuwa na redio mbovu. Nikamwoshea ghala lake siku nzima, akanipa spika yake. Nikaifunga kwenye mlango wa kushoto. Kisha nikamketisha mke wangu kwenye kiti cha Bwana Mkubwa na kuanza kupima kwa shibiri, kutoka sikioni mpaka kwenye spika.

"Baba watoto," akasema, "mnasikiliza redio au mnashonewa suti?"

"Tulia. Kwangu shibiri tatu, kwako shibiri tatu. Huo ndio usawa."

"Na kichwa chake kikiwa kikubwa kuliko changu?"

Nikaongeza vidole viwili kwa ajili ya cheo. Nikawasha. Mke wangu akasema anasikia vizuri mpaka anatamani kucheza. Mwenye cheti asingeiweza kazi ile, nasema wazi.

Jumamosi tukatoka. Muziki ukalia, mimi natikisa kichwa, namtazama Bwana Mkubwa kwa pembe ya jicho. Kanuna.

"Ndugu dereva, hii uliyofunga ni spika au pambo?"

Nikaongeza sauti. Mlango wangu ukaanza kutetemeka.

"Bado. Yote iko kwako."

Nikaongeza tena, mpaka meno yangu yakawa yanasikia. Akatikisa kichwa, akatazama saa yake. Ilikuwa saa saba kasoro robo, na mimi nikaanza kuuona mtama.

Karibu na Ikungi nikasimama kupoza injini, nikazima redio. Mama mmoja mtu mzima akaja na kuku mkononi, akasimama dirishani kwa Bwana Mkubwa, upande wa kushoto.

"Hamjambo, wanangu? Kuku huyo."

Bwana Mkubwa katazama mbele. Hata shikamoo! Mama akarudia kwa nguvu zaidi. Kimya. Akaguna kwa Kinyaturu, akazunguka gari mpaka dirishani kwangu.

"Huyu mwenzako kasoma mpaka kasahau shikamoo?"

Hapo Bwana Mkubwa akageuka, uso umechanua. "Aa, shikamoo mama! Umefika sasa hivi?"

"Marahaba," mama akasema, akinitazama mimi.

Nikakumbuka asubuhi zote nilizomsalimia kwa upande ule asiitikie, nikasema moyoni ana maringo. Kumbe sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na mimi nimelifungia spika kwa shibiri tatu na vidole viwili!

Lakini utamwambiaje mkubwa wako kwamba ni kiziwi wa upande mmoja, tena mbele ya mama na kuku?

Mungu si mchoyo, Bwana Mkubwa akashuka kuchimba dawa. Alipoingia kichakani nikashika koleo. Nikaing'oa spika ya mlango wa kushoto, nikaifunga kwa waya katikati ya viti, inamtazama yeye, upande wake wa kulia. Mama akanishikia waya, kuku kambana kwapani. Bwana Mkubwa akarudi anafunga mkanda.

"Mbona umeihamisha?"

"Vumbi, Ndugu. Mlangoni linaingia kwenye spika."

Nikawasha. Saa saba ikalia, msomaji akaanza, na Bwana Mkubwa akarudi nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akatulia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Punguza kidogo," akasema. Neno tamu kuliko asali ya kwetu.

Mkutanoni Ikungi hakungoja kuulizwa. Aliwasomea habari yote, mpaka ya hali ya hewa.

Njiani kurudi, taa za mjini zilipoonekana, akaigusa ile spika ya katikati.

"Ndugu dereva, hilo vumbi. Kwenye spika yako haliingii?"

"Vumbi lina heshima, Ndugu. Linaanza na wakubwa."

Akacheka mpaka akakohoa. Jumatatu funguo za gari nilizichukua mimi. Mwenye cheti akapewa trekta, na trekta haina redio.