Muzungu Alishaona?

Walisema maji hayatapanda. Walisema mtu aliyezaliwa Kamina, katika kambi ya reli, aliyekula bukari na sombe kama wao, hawezi kuyatoa maji kisimani na kuyafikisha kwenye lile tangi lililokaa kavu juu ya miguu yake ya chuma tangu nikiwa mtoto. Ningoje mzungu, walisema. Wengine waliniita Musiye Diplome, Bwana Diploma, na kucheka. Baba yangu hakucheka. Alisema mara moja tu, akiwa ameketi mlangoni anapiga kiatu rangi: "Ile kazi inaomba muzungu." Kisha akaendelea na kiatu.

Mimi si mtu wa kuambiwa hivyo. Niliondoka na viatu jozi moja na nikarudi baada ya miaka tisa na diploma ya ufundi wa mitambo, yenye mhuri wa chuo cha Ulaya. Hakuna aliyenilipia. Niliosha vyombo, nilibeba masanduku sokoni, niliisoma lugha yao mpaka nikawa ninawasahihisha wenyewe tahajia. Darasani nilikuwa wa pili, na yule wa kwanza alikuwa anarudia mwaka. Sioni kwa nini ninyenyekee kwa jambo lililonigharimu kiasi hicho.

Huko nilijifunza pia kwamba rangi ya mtu huzeeka pamoja na kizazi chake. Mzee mwenye nyumba alinifungia mlango aliponiona uso. Mwanawe ndiye aliyenipa ufunguo baadaye, bila kunitazama sana. Mjukuu wake alikuwa anakuja na daftari nimsaidie hesabu, na hakuona ajabu yoyote. Nilidhani mabadiliko ya namna hiyo ni mambo ya kwao, kwamba sisi hatukuwa na la kubadilika. Nilikosea, na makosa yangu ni nadra.

Kambini kwetu kuna swali ambalo kila mfanyakazi wa reli analijua. Ukimaliza kazi yoyote, hata kubadilisha bawaba ya mlango, mtu atakuuliza: "Muzungu alishaona?" Maana yake, kazi imekwisha? Watu huliuliza bila kufikiri, kama wanavyouliza habari za nyumbani. Lakini zamani lilikuwa swali la kweli kabisa.

Babu yangu alikuwa anakaza bolti za reli. Sheria ilikuwa kwamba treni haipiti juu ya kazi yake mpaka chefu mzungu, mkubwa wa kazi waliyemwita patron, aje, agonge bolti kwa nyundo, asikilize mlio. Siku moja chefu alichelewa na treni ikawa imefika. Babu alizigonga bolti mwenyewe, akazisikia ziko sawa, akaipungia treni ipite. Ilipita salama. Chefu alipokuja alimvua babu kofia, akaitupa upande wa pili wa reli, akamsimamisha katikati ya mataruma kichwa wazi mpaka jua likageuka. Baba yangu alikuwa pale. Alikuwa mtoto wa miaka saba au minane, amemletea babake chakula. Alisimama na sufuria mkononi muda wote huo kwa sababu hakuna aliyemwambia aiweke chini.

Nimeisikia hadithi hiyo kwa shangazi yangu. Baba hajawahi kunisimulia.

Yeye alipokua akaingia reli, wazungu wakaondoka mmoja mmoja, na hatimaye akawa kapita, mkubwa wa kikosi chake. Hakukuwa na mtu wa kuja kumkagua. Hata hivyo, kila alipomaliza kazi alitandika gunia chini, akapanga vyombo vyake juu yake kwa mstari, mdogo mpaka mkubwa, akasimama kando nusu saa hivi. Hakuja mtu. Kisha alikusanya vyombo akaja nyumbani. Nikiwa mtoto nilidhani anapumzika.

Kwa hiyo niliporudi nilitaka jambo moja kuliko yote. Maji yenyewe yalikuja baadaye katika moyo wangu, nakiri. Nilitaka baba aseme mbele za watu kwamba kazi ile ni ya mtoto wake.

Pampu nilikuja nayo kutoka Ulaya, vipande vipande, ndani ya sanduku la nguo. Vyombo vya kazi sikuwa navyo. Wastaafu wanne wa reli walikuwa navyo chini ya vitanda vyao: palan, ule mnyororo wa kuinulia vitu vizito, kle, spana kubwa za bolti, mashini ya kulehemu, na nivo, kipimio chenye kiputo cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Wazee hao hawakutaka kunipa. Vyombo vilikuwa vya wakati wa wazungu na waliogopa mikono yangu. Baba alikwenda nyumba kwa nyumba akaniombea. Alikopa kwa jina lake, si langu. Mwenye nivo alikuwa ameifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga, na alimwambia baba kwamba ikivunjika wasisalimiane tena kanisani.

Nilifanya kazi na mafundi wawili wa mtaa. Nilifika kabla yao kila asubuhi. Nilipima mara tatu, nilikataa chuma kilichopinda, niliwarudisha juu kulehemu upya mahali ambapo wao waliona panatosha. Wiki ya pili wakaanza kuniita "muzungu wetu." Walisema kwa heshima, maana kwetu mtu mwenye kushika saa na kunyoosha kazi husifiwa hivyo. Nami nilipenda. Naandika haya kwa aibu kidogo, lakini nilipenda sana. Nilianza kuitika.

Binti yangu hakupenda. Alikuwa na miaka kumi na saba, amelelewa na baba yangu muda wote nilipokuwa mbali. Hajawahi kufanya kazi chini ya mzungu wala kumwogopa. Wazungu aliowaona ni wale wanaopita na magari makubwa, wanasimama kuuliza njia ya Kabongo, wanamshukuru na kwenda. Siku moja aliniletea chakula kazini, akasikia jina hilo, akaniuliza kwa upole kama mama yake aliolewa na mwanamume mwingine. Mafundi walicheka mpaka mmoja akateremka ngazi. Mimi sikucheka.

Siku ya kumaliza, mtaa mzima ulikuja na bido, madumu ya kuchotea maji. Wazee walikuwa wamempa baba ufunguo wa valvu, kwa kuwa ni kapita na anaaminika. Bila yeye kufungua, hakuna tone ambalo lingeshuka. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Baba alilitazama tangi, akatazama bomba, akaniuliza mbele ya wote: "Muzungu alishaona?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo. Nilikuwa nimeliandalia jibu tangu ndegeni.

"Minyi njo muzungu hapa," nilimwambia, yaani mimi ndiye mzungu hapa. "Nilishaona."

Watu walicheka, mafundi wakapiga makofi. Baba hakucheka. Kisha akatandika gunia chini, akapanga vyombo juu yake, mdogo mpaka mkubwa. Akarudi nyuma hatua tatu. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akaniambia: "Ndiyo, patron."

Hakuwa ananidhihaki. Laiti angekuwa ananidhihaki. Nilikuwa nimemwambia mimi ni nani, naye akaniamini, akasimama jinsi alivyojua kusimama. Jua lilikuwa juu ya kichwa chake kilichoota mvi. Miaka tisa nilikuwa nimewasimulia wazungu jinsi wazazi wetu walivyodhalilishwa, na ilinichukua sentensi moja kufanya vilevile kwa baba yangu mwenyewe, nikiwa na shati safi.

Binti yangu ndiye aliyepita katikati ya watu. Alichukua ile kofia mikononi mwa babu yake, akamvika.

"Nkambo, uyu haiko muzungu," alisema. "Uyu njo mutoto yako."

Baba alifikiri. Yeye ni mtu wa utaratibu.

"Kama iko mutoto yangu," alisema, "basi kazi hakuna mwenye alishaona."

Hapo alikuwa amesema kweli. Kwa hesabu yake, nikiwa mzungu kazi imekaguliwa, nikiwa mwanawe haijakaguliwa. Bido zilikuwa tupu na kina mama walianza kuzikalia.

"Basi angaliaka weye mwenyewe," binti yangu alimwambia.

Sidhani kama mtu yeyote alikuwa amewahi kumwambia hivyo. Alikuwa ameongoza watu, amewafundisha wengine, ametengeneza reli ambazo bado treni zinapita, na katika maisha yake yote hakuwahi kuwa yule anayeona. Alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, kama anayeomba ruhusa. Nilimwambia: "Baba, tafadhali."

Aliichukua nivo akailaza juu ya bomba, akakisubiri kiputo kitulie. Alichukua nyundo. Aligonga bolti ya kwanza akainamisha sikio, ya pili, ya tatu. Hakuharakisha. Kwenye bolti ya saba alirudia mara mbili. Aliniita kwa kidole, akaigonga tena ili nisikie. Mlio wake ulikuwa mzito, umekufa. Bolti hiyo niliikaza mimi, kwa mkono wangu wenye diploma. Alishika kle akaizungusha nusu, akagonga tena, ikalia vizuri. Hakusema kitu juu yake, wala siku ile wala baadaye.

Alipomaliza bolti zote alijifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole.

"Minyi nilishaona," alisema. Akafungua valvu.

Maji yalishuka yakiwa mekundu kwa kutu, kisha ya rangi ya chai, kisha safi. Kina mama waligombea foleni, na watu wakanisifu kama nilivyostahili. Baba alikuwa amekwisha kwenda nyumbani. Alisema amechoka.

Sikuwa nimelipata kwa baba neno nililolitaka, na kwa siku kadhaa sikuwa na haki ya kuliomba.

Jumamosi iliyofuata tulirudisha vyombo. Niliviosha kwa petroli na kuvipaka mafuta, na tulivisukuma kwa toroli, baba mbele, mimi nyuma. Nyumba ya kwanza tulirudisha palan, ya pili mashini ya kulehemu, ya tatu kle. Kila mahali tulipewa kiti, na kila mahali nilieleza jinsi nilivyokokotoa nguvu ya pampu, hata walipokuwa hawajauliza.

Mwenye nivo alikuwa wa mwisho. Alikifungua kitenge, akaiweka nivo mezani, akainama mpaka pua ikagusa kioo. Kiputo kilikuwa pale. Akaketi.

"Sasa kule kwa tangi," alimwuliza baba, "muzungu gani alikuwa?"

Nilifungua kinywa. Baba aliinua mkono, nikakifunga.

"Hakukuwa muzungu," alisema. "Tulikuwa bawili. Mutoto yangu njo alifanya, minyi njo niliona."

Mzee alitikisa kichwa kukubali na kumwita mkewe alete maji ya kunywa. Baba alikunywa yote, akashukuru kwa kusema wafwako, akaniambia tuinuke, hatudaiwi tena na mtu.